Kocha Aliyeogopa Mpira

Kocha wetu aliogopa mpira. Naanza na hili kwa sababu waliomjua kwa sifa tu hawalijui, na sisi tuliolijua hatukuthubutu kulitamka akiwa karibu. Mpira ukitoka nje ya mstari na kuelekea kwenye benchi lake, alifumba macho, akajikinga uso kwa mfuniko wa ndoo ya maji, akangoja mtu mwingine aushughulikie. Akisikia umeshatua, alifumbua macho na kuendelea kutufokea kuanzia palepale alipokatishwa.

Hakuwahi kucheza. Alikuwa mwalimu wetu wa ugavi, somo la kutunza bohari na kununua vitu kwa utaratibu, katika chuo kidogo cha biashara hapo Kariakoo. Timu ya wasichana ya mpira wa wavu ilipohitaji mwanamke mzima wa kuisindikiza kwenye mechi, alitumwa yeye. Akakaa pembeni, akatazama, akaanza kuona makosa, na kwa kuwa Mungu hakumjalia kuona kosa akanyamaza, mwishowe akakabidhiwa filimbi. Nilipoingia mwaka wa kwanza nilimkuta nayo shingoni, imefungwa kwa kamba ya kiatu, na aliivaa hata darasani.

Watu wakiniuliza mbinu zake, huwapa habari ya karanga. Alipenda karanga za kukaanga, zile za kwenye kikaratasi, na kabla ya kila mechi alizipanga sita juu ya mfuniko wa ndoo, tatu mbele na tatu nyuma. Hiyo ndiyo timu. "Huyu Aikande, huyu Zuhura, huyu wewe," alituonyesha, na kila karanga ikawa na mwenyewe. Mchezo ukianza, aliyezubaa karanga yake ililiwa. Ukigeuka kutazama benchi ulimwona anatafuna polepole huku amekukazia macho, nawe ukajua umekwisha. Nadhani nimeliwa kuliko mchezaji yeyote aliyepita chuoni pale. Siku moja tulicheza ovyo hata kikaratasi kikaisha kabla ya seti ya pili, akamtuma mlinzi akalete kingine.

Karanga ya Aikande ndiyo iliyodumu. Alikuwa msichana mrefu, wazazi wake watu wa Moshi wenye duka la vitambaa vya jumla mtaa wa pili kutoka chuoni. Tangu utoto alikuwa akirusha majora kwenye rafu za juu za duka lao, na mkono wake wa kulia ulizoea kazi hiyo kuliko kushika kalamu. Zuhura alikuwa seta, yaani yule anayemnyanyulia mpigaji mpira, binti wa Buguruni mwenye vidole vyepesi na maneno machache. Aliuacha mpira hewani pale ambapo Aikande alikuwa hajafika lakini angefika. Kocha aliipanga familia yetu hivi: "Zuhura anapika, Aikande anakula, nyie wengine mnaosha vyombo." Mimi nilikuwa mfupi, nikacheza nyuma, nikaosha vyombo kwa roho yangu yote.

Uwanja wenyewe ulikuwa ua wa chuo. Saruji tupu, imechorwa mistari kwa rangi iliyobaki walipopaka ofisi, imebanwa na majengo marefu pande tatu. Upande wa nne kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta duka la masufuria. Mpira ukivuka, tulisikia kishindo kikubwa, kisha sauti ya mzee mwenye duka: "Leo mnapigwa ngapi?" Akishajibiwa ndipo aliurusha. Kocha aliupenda ule ua kupita kiasi. Aliufagia mwenyewe asubuhi, mwalimu mzima, kanga imefungwa juu ya sketi ya ofisini. Nilipomuuliza kwa nini asimwachie mfagiaji, aliniambia, "Kariakoo nzima hii, nionyeshe pahala pengine ambapo msichana anaweza kukimbia bila kuulizwa anamkimbia nani." Nimepita mitaa ile miaka mingi tangu siku hiyo na sijapaona.

Ndiyo maana habari ya magari ilitupiga sana. Msimu ule ninaousimulia, Mkuu wa Chuo alikuwa amechoka kuegesha barabarani, magari ya walimu yakikwaruzwa na mikokoteni kila siku. Akatazama chini kutoka dirishani kwake, akauona ua. Kocha alikwenda kumwona, akakaa ofisini mwake muda mrefu. Alipotoka alituita tukamzunguka.

"Mkuu anataka kufanya hapa maegesho," alisema. "Nimemwomba atuache msimu mmoja. Tukifika fainali ya vyuo, uwanja unabaki. Tusipofika, mwakani hapa ni magari."

"Fainali tu, Kocha?" aliuliza Aikande.

"Fainali. Kwani umeona ndogo? Mmewahi kufika hata robo?"

Hatukuwahi. Tulikuwa timu ya kutoka mapema na kuwahi chakula.

Ugonjwa wetu ulionekana kwenye mechi ya pili, dhidi ya chuo cha wauguzi, katika ukumbi wao. Nyuma nilicheza na nahodha wetu, Mwanahawa, ambaye alituzidi wote umri. Alikuwa ameolewa, ana watoto wawili, amerudi kusoma baada ya kufanya kazi bandarini, na hakuna aliyemwita Mwanahawa mkavu. Alikuwa Dada Mwanahawa, hata kwa walimu wadogo. Sasa mpira ukija katikati yetu, mimi nilisimama nimpishe, kwa sababu nimelelewa, na mtu aliyelelewa hamkatizi mkubwa wake. Yeye naye, mwungwana kuliko mimi, alisimama anipishe mdogo wake nipate nafasi. Mpira ulianguka katikati yetu ukadunda, nasi tukitazamana kwa heshima kubwa. Uliangukia hapohapo mara tatu katika seti moja. Wauguzi wakagundua, wakawa wanautuma pale kwa makusudi.

Kocha alimaliza karanga zetu zote mbili akasimama. "Mnapishana kama wakwe mlangoni!" alipiga kelele. "Pita wewe, hapana pita wewe! Na mgeni ameshaingia ndani amekula!"

Ukumbi mzima ulicheka. Tulifungwa.

Akatuwekea sheria: kila mpira una mwenyewe, na mwenyewe hujitaja kwa kusema "Yangu!" kwa sauti ya kusikika Ilala. Kwa wengine ilikuwa rahisi. Kwangu mimi, kumpigia Dada Mwanahawa kelele ya "Yangu!" kulikuwa sawa na kumnyang'anya mama sahani. Kwenye mazoezi nilijaribu, na kilichotoka kinywani ni hiki: "Yangu, samahani dada!" Nilipofika kwenye "samahani" mpira ulikuwa umeshadunda. Wenzangu walikaa chini kwa kucheka. Msimu wote uliobaki, mtu akichukua kipande cha muhogo cha mwenzake alisema, "Yangu, samahani dada."

Jumamosi iliyofuata Kocha alituambia tukutane Mchikichini asubuhi, wakati wafanyabiashara wa mitumba wanafungua mabelo mapya. Tulidhani anataka kutununulia jezi. Alitusimamisha mimi na Dada Mwanahawa mbele kabisa, kwenye duara la wanawake waliokuwa wamejifunga vibwebwe. Muuzaji akakata mikanda ya belo, nguo zikafumuka, na wale wanawake wakainama wote kwa pamoja. Katikati ya lundo kulikuwa na koti la mtoto, jekundu, zuri. Dada Mwanahawa alilishika mkono mmoja, nami nikalishika mwingine. Tukatazamana.

"Chukua wewe, dada," nikasema.

"La, mdogo wangu, wewe ndiye uliyeliona."

Mama mmoja mnene alipitisha mkono kati yetu, akasema "Yangu!" na koti likaenda. Kocha alikuwa nyuma yetu. "Mmeona? Mpira umedunda," alisema. Hakuwa amekasirika hata kidogo. "Jifunzeni kwa huyu mama. Hajamtukana mtu, hajamsukuma mtu. Amesema chake, kila mtu amejua. Haya, belo la pili."

Belo la pili Dada Mwanahawa alinivuta pembeni kwanza. Alinishika mabega. "Sikiliza," aliniambia. "Nje ya mstari mimi dada yako, utanisalimia na mzigo utanipokea. Ndani ya mstari sina udada. Nipigie kelele kama mpita njia." Tukarudi. Tulipiga kelele asubuhi ile mpaka wauzaji wakaacha kazi kutushangaa. "Nyie kina dada vipi, si nguo tu hizo!" alisema mmoja. Nilirudi nyumbani na blauzi ya maua makubwa ambayo sijawahi kuivaa mpaka leo, lakini nilirudi na sauti.

Mtu asije akadhani Kocha alitufundisha ujeuri. Ukimpita koridoni bila salamu alikurudisha. "Njoo hapa. Kwani tumelala chumba kimoja?" Hapo ulimwamkia shikamoo ya kueleweka, naye akaitika marahaba ndefu ya kukusamehe. Kwake adabu ilikuwa kama viatu vya msikitini: "Mnaivua kwenye mstari, mnaingia, mkitoka mnaivaa. Ole wake atakayesahau yake ndani." Alituwekea hivyo, akatarajia tuelewe, na tulielewa.

Ila yeye mwenyewe hakuliweza somo lake. Sijawahi kumsikia akidai kitu chochote kuwa chake. Ofisini kwao walimu walikunywa chai kwa kikombe chake, naye akanywea kifuniko cha chupa. Kwenye picha ya timu tuliyopiga msimu ule anaonekana kiwiko tu, upande wa kushoto, kwa sababu mpiga picha alisema sogeeni na yeye akawa anasogea kuwapisha wengine mpaka akatoka nje. Tulipomwambia turudie alikataa. "Timu ni nyie," alisema, akaenda kukunja wavu.

Tulianza kushinda. Sijui nieleze vipi furaha ya kushinda kwa watu wasioizoea. Aikande alipiga, Zuhura alipika, na kule nyuma mimi na Dada Mwanahawa tulipayukiana kama maadui. Mzee wa masufuria akaacha kuuliza tumepigwa ngapi, akawa anauliza tumepiga ngapi. Wanafunzi waliokuwa wakipita na vitabu vyao bila kutazama wakaanza kukaa kwenye ngazi. Robo fainali tukapita, tukapangiwa nusu fainali hapohapo nyumbani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha mvua kubwa, bonde la Jangwani likajaa maji, barabara ikafungwa. Kocha na Aikande wote walikaa Magomeni, ng'ambo ya pili ya maji. Wageni wakafika, mwamuzi akafika, sisi tukawa tunasugua maji uwanjani kwa fagio huku tunatazama geti. Bila Aikande tungekula nini? Mwamuzi alikuwa ameshatazama saa yake vya kutosha pale kirikuu moja, gari dogo la mizigo, ilipoingia ua wa chuo kwa honi, imejaa matenga ya nyanya. Kocha alikaa mbele na dereva. Aikande alikuwa nyuma, juu ya matenga, jezi tayari mwilini, na mbegu za nyanya mpaka kwenye nywele. Walikuwa wamezunguka Kinondoni yote na kutokea daraja la Salenda.

"Shikamooni na poleni kwa kusubiri," Kocha aliwaambia wageni kwa upole, kisha akatugeukia sisi. "Mnanitazama nini? Pasheni misuli!"

Aikande alicheza ananuka nyanya, na sijawahi kumwona akipiga vile. Mpira wa mwisho aliupiga ukadunda na kuvuka ukuta, masufuria yakalia, na mzee akashangilia kabla hajaambiwa matokeo. Tulikuwa tumefika fainali. Uwanja ulikuwa wetu. Dada Mwanahawa alipiga magoti kwenye saruji yenye maji akacheka hadi machozi, nami nikamkumbatia. Kocha alitupongeza kwa kifupi, akasema tusilewe sifa, na kesho yake akatukimbiza mazoezini kupita siku zote. Tulinong'ona kwamba mama huyu haridhiki. Si tumeshafika alipotaka?

Fainali tulicheza Jumamosi jioni kwenye ukumbi mkubwa, chini ya taa, mbele ya watu wengi kuliko niliowahi kuwaona wakitutazama. Mkuu wa Chuo alikuwepo na tai yake, mstari wa mbele. Tulikwenda seti hadi seti na wenzetu mpaka ya tano, na mwisho wakabakiza pointi moja. Mpigaji wao aliupiga ukaja kwa nyuma, katikati yangu na Dada Mwanahawa. "Yangu!" niliita. Hakukuwa na samahani. Niliufikia, nikaupokea kwa mikono yote miwili, ukaniruka kwa pembeni na kwenda kwenye viti vya watazamaji. Ikawa basi.

Tulihuzunika, lakini si kwa muda mrefu. Tulikuwa na medali za fedha shingoni na uwanja nyumbani. Ndani ya basi Zuhura, asiyesikika akiongea, alianzisha wimbo wa harusi, na Kocha akageuza ndoo chini juu akawa anaipiga kama ngoma. Alisimama katikati ya viti, mtu mzima, akakata kiuno mpaka dereva akapunguza mwendo amtazame kwenye kioo. Mtu akiniuliza siku yangu ya raha chuoni, humtajia siku tuliyofungwa fainali.

Miaka imepita. Dada Mwanahawa alirudi bandarini akiwa na cheo, Aikande anaendesha duka la wazazi wake, mimi natunza bohari ya dawa hapa mjini. Kocha alistaafu. Nilikutana naye mwaka jana Feri, Jumamosi asubuhi, nimekwenda kununua samaki wa shughuli ya nyumbani. Alikuwa amesimama kwa wakaangaji na kikapu chake, akibishana na kijana kuhusu ukubwa wa kibua.

"Shikamoo, Kocha!"

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, ndiyo vizuri. Kaa ule na mimi."

Tulikaa kwenye benchi na vibua viwili vya moto, ndimu na pilipili. Tulicheka mambo ya zamani, na kama kawaida yangu nikafika kwenye fainali. Nilisema kombe lilituponyoka kwenye vidole vyangu, lakini si kitu, maana sharti lilikuwa fainali na fainali tulifika.

Kocha alikuwa anachambua miba. Hakuinua macho. "Sharti lilikuwa kombe," alisema.

"Kombe gani?"

"Mkuu alisema kombe. Alijua hatuliwezi, ndiyo maana mwishowe akakubali. Mimi niliwaambia fainali."

Nilimtazama nisimwelewe, kisha nikamwelewa. Ule mpira ulioniruka na kwenda kwenye viti ulikuwa ndio uwanja wenyewe. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia.

"Nikuambie ili iweje? Ungekuja na mzigo ule mgongoni usingeufikia kabisa. Ulivyokuja bila kujua, uliufikia."

"Na uwanja ukabakije?"

Hapo alicheka. Alinisimulia kwamba Jumatatu baada ya fainali alikunja wavu, akachukua funguo za stoo, akaenda ofisini kwa Mkuu kukabidhi. Akamkuta mzee wa watu hana sauti hata kidogo, imekauka kwa kushangilia. Mkuu akamnong'oneza: "Madam, wavu unaupeleka wapi?" Kocha akamkumbusha makubaliano yao. Mkuu akapiga meza. "Kombe lile tumeporwa! Mpira wa seti ya nne ulikuwa nje, nimeuona kwa macho yangu! Rudisha wavu, mwakani tunalifuata." Tangu siku hiyo gari lake likaendelea kukwaruzwa barabarani, naye akawa wa kwanza kufika kwenye mechi.

Nilicheka naye. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nyuma, na hesabu ikanifikisha ndani ya basi.

"Kocha," nilisema. "Ile Jumamosi usiku hukujua kama Mkuu atageuka."

"Ningejuaje?"

"Ulijua tumeupoteza."

"Nilijua."

"Na ulicheza. Ulipiga ndoo."

Alikamua ndimu juu ya samaki wangu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeisahau mkononi. "Mlikuwa na harusi yenu," alisema. "Mimi kulia ningelia kesho yake, nyumbani, kuna nafasi."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote wa Feri, mtu mzima nina watoto, na samaki mdomoni. Kijana wa kukaanga aliacha kijiko chake akaniinamia. "Vipi, mama anaumwa?"

"Mwiba tu umemkwama," Kocha alimjibu haraka, bila hata kupepesa. "Mletee tonge la ugali ausukumie."

Kijana alileta. Kocha akalifinyanga mwenyewe, akanipa. Nikalimeza zima bila kutafuna, kama mwenye mwiba kweli, naye akanitazama mpaka likashuka, ndipo akarudi kwa samaki wake.